Mzulu Asiye na Ngao

Jumatatu, 19 Januari

Kikao cha walimu. Siku ya Utamaduni ni Alhamisi ya wiki ijayo. Mwalimu Mkuu, Bi Ummkulthum, amesema mwaka huu kila darasa lioneshe muziki wa watu wengine wa Afrika, na uwe wa asili yao hasa, si wa kuokoteza. Darasa la Sita tumepangiwa Wazulu: mimi na Sita A yangu, Bi Nahla na Sita B yake. Watakaofanya vizuri watakwenda Gombani kwenye tamasha la Pemba nzima, na mwalimu wao atakaa jukwaa kuu.

Jukwaa kuu! Kivuli, viti vya mito, maji ya chupa. Nasomesha jiografia hapa Gando tangu Bi Nahla ananyonya, na sijawahi kukalia hata ngazi ya jukwaa hilo.

Tabu ni moja. Binti yangu Asya yuko Sita B. Ana sauti mtoto yule! Akiimba jikoni, mama yake husahau mchuzi ukaungua. Nimemwomba Bi Nahla anipe Asya, nami nimpe wanafunzi wawili watulivu. Amecheka, kisha amekataa.

Nimemwahidi Asya kwamba Gombani atakwenda tu, nami nitamtazama kutoka jukwaa kuu. Nitashinda, halafu nitampenyeza. Ameniuliza kwa nini nisimwache akashinda na darasa lake. Watoto wa siku hizi hawana shukrani.

Jumanne, 20 Januari

Bi Nahla ameonekana na simu, anasikiliza nyimbo za mtandaoni. Muziki wa simu! Mimi nataka kitu halisi. Mzulu namjua vizuri. Nilimwona kwenye filamu pale Wete, zama za video za kiingilio. Mzulu ni ngozi, ngao, ngoma na ng'ombe. Kikikosekana kimoja, jua umeuziwa bandia.

Mama mkwe, Bi Mwanapili, amekuja kututembelea kutoka Chokocho. Kavaa raba nyeupe kwa ajili ya goti lake, na mkononi ana simu kubwa kuliko yangu. Anasema Chokocho nzima wanajua kwamba mkwe wake atakaa jukwaa kuu Gombani. Mke wangu Mwanakhamis akanitazama. Ndiyo, nilimpigia mama jana. Habari njema haingoji.

Alhamisi, 22 Januari

Alhamdulillahi! Pemba kuna Mzulu! Yuko hoteli moja ya watalii huko kaskazini, anafundisha wageni kuzamia. Anaitwa Thulani. Mzaliwa wa Durban, baba Mzulu, mama Mzulu. Nimempata kupitia muuza pweza, nimempelekea salamu, na kesho baada ya sala ya Ijumaa atakula kwetu.

Nimefagia kiwanja mwenyewe. Wazulu huruka sana. Mwanakhamis nimemwambia apike wali wa nazi na pweza. Bi Nahla nimemwambia habari za asubuhi tu, wala sikuongeza neno.

Ijumaa, 23 Januari

Aibu gani hii!

Kaja na jezi ya mpira na kapelo. Mikono mitupu. Nikamuuliza ngozi zake ziko wapi. Akasema ziko kwao, huvaliwa siku za harusi, akaniuliza kama mimi huogelea na kanzu. Majivuno anayo mengi. Nikamwomba aimbe.

Akatua kijiko, akasimama, akaimba kwa sauti nzito ya chini, huku ananyata kama mtu anayepita chumbani mtoto kalala. Bila ngoma! Nikamuuliza ngoma iko wapi. Akasema wimbo huo hauna ngoma, wenyewe huuimba kwa sauti na miguu tu. Ubeti wa pili ukampotea. Akampigia simu mama yake Durban, na mama akauimba huku anamgombeza kwa kusahau. Jamani! Mzulu gani wa kumuuliza mama?

Mwanakhamis alisimama mlangoni na upawa wake, haendi wala harudi. Mama mkwe alikuwa anarekodi. Mimi nilishaelewa. Huyu ni Mzulu wa mjini, keshachakachuliwa. Nikamshukuru, nikamwambia tutamtafuta.

Pweza kammaliza. Nje akakutana na Bi Nahla, eti anapita njia. Wakazungumza Kiingereza muda mrefu, kwenye kivuli cha nyumba yangu. Namwachia. Makombo hayagombewi.

Jumapili, 25 Januari

Nimepata dawa! Mzulu ni mtu wa ng'ombe. Mpemba naye ni mtu wa ng'ombe. Na sasa ndio msimu wetu wa mchezo wa ng'ombe: dume hutiwa kamba, vijana wakalichokoza kwa kanga, ngoma na zumari zikalia, na wanawake wakaimba mpaka dume likapandwa na hasira. Basi muziki wa ng'ombe ninao mlangoni. Kinachobaki ni kuuvisha ngozi.

Nimekwenda kwa wapiga zumari. Wamekubali. Shemeji yangu Kificho atakuwa Mfalme wa Wazulu, maana hana kazi nyengine na tumbo la kifalme analo. Ngao ni nyungo, tumezipaka masizi. Ngozi nimeipata kwenye harusi ya jirani. Ya dume, bado mbichi. Nimeitia chumvi.

Mama mkwe ameniita pembeni. Yeye ameimba kwenye mchezo wa ng'ombe tangu kigori. Akanambia, "Baba, zumari ile haipigwi ovyo. Ng'ombe ana masikio, ati." Nikamwitikia kwa adabu. Moyoni nikasema, mtu wa raba nyeupe atanifundisha mambo ya asili?

Jumanne, 27 Januari

Mazoezi yanakwenda vizuri. Chumvi haikutosha. Kificho akivaa ngozi, paka wa mtaa mzima humfuata, na wanafunzi wanaomba kusimama upande upepo unakotoka. Nimewaambia ndio harufu ya historia.

Asya anarudi nyumbani ananyata. Nimemuuliza wanafanya nini huko Sita B. Amesema Bi Nahla kawaambia baba asiambiwe. Nimempa ubuyu. Amekula ubuyu wote na hakusema kitu. Baadaye alikuwa anaosha vyombo, anaimba na mdomo kaufunga. Nikajikuta nami nanyata kuelekea kisimani. Nimeacha mara moja.

Alhamisi, 29 Januari

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Watu walijaa uwanjani. Sheha, kiongozi wa shehia yetu, alikaa mbele, na wazazi nyuma yake. Meza ya wageni ilikuwa na halua na kahawa. Sita A tulianza. Nikashika kipaza sauti, nikatangaza Wazulu halisi. Wanafunzi wakatoka na ngao. Kificho akatoka na ngozi, na paka nyuma yake. Nikaashiria zumari.

Sikujua kwamba Mzee Jaribu, mfuga ng'ombe wa hapa Gando, kalifunga dume lake nyuma ya skuli. Lile lile lililowashinda vijana kwenye mchezo wa wiki iliyopita. Lilisikia linaitwa, basi likaitika. Likaja na kamba yake na kigingi chake.

Mahali pengine watoto wangekimbia. Hawa ni watoto wa Pemba! Walitupa ngao, wakavuta kanga za mama zao, wakaunda duara na kuanza kulichokoza. Kina mama wakaanza kuimba. Wapiga zumari, badala ya kunyamaza, wakazidisha, maana huo ndio mchezo na hawajui mwengine. Mfalme wa Wazulu akaingia ofisini kwa dirisha. Kichwa na mikono ilipita, tumbo likakataa. Ngozi ikabaki inaning'inia nje, na dume likaiona.

Nikapiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba hii ni sehemu ya onesho. Dume likaacha ngozi, likageukia sauti. Nilipanda meza ya wageni. Mguu mmoja ukaingia kwenye halua. Mguu wa pili ulikuwa unapanda ndipo liliponifikia.

Mzee Jaribu alilishika kwa kuliita jina tu. Sheha alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akasema msimu huu hajaona mchezo wa ng'ombe mzuri kama huu. Bi Ummkulthum yeye hakucheka. Aliniuliza Mzulu hasa alikuwa ni yupi pale. Nikainama kufuta halua mguuni.

Kisha Sita B wakaingia, na sare zao za skuli. Hawakuwa na ngoma wala ngozi. Thulani alisimama pembeni na jezi yake. Wakanyata, wakaimba. Kina mama wakashusha kanga zao. Hata dume lilisimama kimya, linatafuna ungo wangu.

Wamechaguliwa wao.

Jumamosi, 7 Februari

Gombani. Jua kali. Nilisimama nyuma ya kamba pamoja na watu wa kawaida, mama mkwe upande huu na Mwanakhamis upande ule. Watu wa Chokocho waliokuja kunitazama nikiwa jukwaa kuu walinisalimia mmoja mmoja. Bi Nahla alikaa kivulini. Karibu naye Thulani, na jezi, anakunywa maji ya chupa.

Asya ndiye aliyeanzisha. Peke yake, kabla ya wenzake kuitikia. Sikuwahi kusikia kitu kizuri namna ile maishani mwangu, na kinatoka kwa mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa karafuu za mkekani. Machozi yakanitoka. Mwanakhamis akanipa ncha ya mtandio wake.

Walipomaliza, Asya akainua macho kutafuta jukwaa kuu. Ananitafuta mimi. Nilimwahidi nitakuwa kule. Nikapunga mkono na kumwita, lakini watu wengi walikuwa wanapunga mikono.

Jioni kaja nyumbani amechoka na amefurahi. Kaniuliza nilisimama wapi. Nikamwambia nyuma ya kamba. Akasema basi mwakani nikae mbele kidogo, aweze kuniona. Nimeumia, nisifiche. Nikaapa kwamba sitarudia tena upumbavu ule.

Jumatatu, 9 Februari

Kikao cha walimu. Mambo ni motomoto! Baada ya Idi kuna tamasha jengine, Unguja, na safari hii ni ngoma za asili za Pemba yetu. Kila mwalimu alete mtu wa kuwafundisha wanafunzi. Atakayeshinda atavuka na darasa lake, na atakaa jukwaa kuu. Nimejiandikisha wa kwanza.

Mama mkwe amesikia, akajitolea hapo hapo. Akaimba sebuleni, amekaa kwenye kochi na raba zake nyeupe. Ubeti wa pili ukampotea, akampigia simu dada yake Chokocho. Yakhe! Nikamkatalia kwa adabu zote za mkwe. Mwanakhamis hasemi nami tangu adhuhuri. Bi Nahla, eti anapita njia, amemkaribisha mama kwake kunywa chai, na mama amekwenda na simu yake.

Namwachia. Mimi nataka Mpemba halisi, asiyechakachuliwa. Nimeshamwandikia Thulani aniulizie kwao. Nasikia Durban wapo, wajukuu wa waliotoka visiwani kwetu zamani.