Pingamizi Dhidi ya Kuzimwa kwa Bonde Letu

Kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa kampuni iliyotengeneza mchezo wa video uitwao Bonde Letu.
Isomwe kwa sauti, kabla ya chai.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wakurugenzi mlioketi kulia na kushoto kwake, wanahisa wakubwa wa safu ya mbele, wanahisa wadogo wa safu za nyuma, mnaosikia nusu ya yanayosemwa na kupigia makofi yote, wahandisi mliosimama kando ya mlango kwa kuwa viti vimekwisha, na wewe, ndugu karani, uliyepewa kazi ya kuisoma barua hii. Kohoa kwanza, ndugu yangu, ndipo tuendelee.

Mimi ni mpima ardhi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili, na ni mteja wenu. Naandika kupinga notisi yenu ya tarehe mosi, isemayo kwamba saa sita mchana ya siku ya mwisho ya mwezi huu mtazima seva za Bonde Letu, na kwamba kuanzia dakika hiyo mchezo nilioununua, ukiwa ndani ya nyumba yangu, chini ya televisheni yangu, hautafunguka tena. Sababu zangu nimezipa namba, nami naomba zisikilizwe kwa mpangilio wake, maana kila moja imesimama mabegani mwa mwenzake.

1. Nilinunua. Neno hili ni fupi na sikudhani litahitaji wakili. Dukani sikuambiwa "azima", wala "kodi", wala "shikilia kidogo wakati wenyewe wanatafuta la kufanya". Muuzaji alinipa mkono akasema, "Hongera mzee, huu sasa ni wako." Tena mchezo wenyewe, siku ya kwanza, ulinikabidhi hati yenye mhuri na picha ya jogoo, isemayo: Kiwanja namba 47 ni chako, kilime kwa furaha. Hati hiyo nimeichapisha na kuitia fremu. Waheshimiwa, nimewapimia watu viwanja zaidi ya elfu tatu. Sijapata kumrudia mtu baada ya miaka mitatu, nikamkuta anakula na wanawe, nikaanza kung'oa vigingi vya mipaka yake kwa maelezo kwamba siku hizi natumia utepe mpya.

2. Notisi ilikuja na maputo. Katika kazi yangu nimeziona notisi nyingi za kuhamisha watu, na zote zilikuwa na adabu ya kununa. Yenu ilianza hivi: "Habari njema! Tunasherehekea safari yetu pamoja nawe!" Nikamwita mke wangu aje tusherehekee. Tulisoma hadi aya ya tatu huku tukitabasamu. Mke wangu ni mfamasia, mtu aliyezoea maandishi madogo ya chini kabisa, na ndiye aliyeng'amua. "Mume wangu," akasema, "hawa wanatufukuza." Mheshimiwa Mwenyekiti, kama ni kutufukuza, tufukuzeni kwa uso uliokunjamana. Teke ni teke, hata kiatu kikifungwa utepe wa zawadi.

3. Nafika sasa kwenye kiini cha shauri, ambacho ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alipokea watoto wa mji huu, na wapo maofisa wakubwa ambao wakikutana naye njiani hupunguza mwendo, wakikumbuka nani aliwapiga kofi la kwanza la maisha yao. Miaka minne iliyopita alipasuliwa goti, akaja kukaa kwetu, chumba cha nyuma. Mimi namheshimu sana. Yeye ananiheshimu sana. Hilo, waheshimiwa, ndilo lililokuwa tatizo. Heshima ile ilisimama katikati ya sebule kama kabati lililokosa pa kuwekwa. Mazungumzo yetu ya mwaka mzima naweza kuyanukuu hapa bila kuwachosha:

"Umeamkaje, mkwe?"
"Salama, mama. Goti?"
"Linaendelea."
"Haya, mama."
"Haya, mkwe."

Kisha kila mtu alirudi kuutazama ukuta wake.

Mke wangu ndiye aliyenituma kuununua mchezo, ili mama apate la kushika. Lakini ninyi mlitengeneza bonde ambalo lango lake haliinuki kwa mikono ya mtu mmoja, na mke wangu yuko kazini kwa zamu. Nikabaki mimi. Mama akakaa chumbani kwake na kishikwambi, mimi nikakaa sebuleni na televisheni, tukainua lango. Dakika ya tatu nikasikia: "Wewe! Unamwagilia jiwe!"

Sikuwa nimeitwa "wewe" katika nyumba ile tangu nioe. Nikajibu kabla heshima haijaniwahi: "Limeniambia lina kiu." Halafu, kupitia ukutani, nikasikia kicheko cha mkunga mstaafu, kicheko cha mtu anayeshikilia ukingo wa kitanda asianguke.

Tangu hapo, kila siku saa kumi alasiri, yeye huko bondeni ni Jemadari na mimi ni Mzembe. "Mzembe, mbuzi wako katoka!" "Jemadari, mbuzi yule ana akili, kaona nani anakuja." Ananisuta, namsuta, tunanyang'anyana ndoo. Siku moja tukichimba viazi alinisimulia jinsi marehemu mume wake alivyokata roho, habari ambayo hata binti yake hajawahi kuisikia yote. Alipomaliza akaniambia nishike jembe kama mwanamume, viazi vinakatika.

Naomba wahandisi walizingatie jambo moja la kitaalamu. Kati ya chumba cha mama na sebule yangu upo ukuta mmoja wa tofali. Sauti yake hutoka kinywani, husafiri hadi kwenye seva zenu, popote zilipo, kisha hurudi na kutokea kwenye televisheni yangu. Kwa hiyo hunifikia mara mbili: kwanza kupitia ukutani, kisha kupitia kwenu, ikiwa imechelewa kidogo. Ile ya ukutani ni ya mama mkwe. Ile ya kwenu ni ya Jemadari. Mkizima seva nitabakiwa na ile ya kwanza, nayo, kama nilivyonukuu hapo juu, husema, "Haya, mkwe."

4. Lipo kaburi. Punda wa Jemadari alikufa mwaka jana kwa maradhi ambayo, kwa mujibu wa tangazo lenu, mliyaongeza "ili kuleta msisimko". Msisimko tuliupata. Tulimzika shambani mwetu, mbele ya wakazi kumi na wawili wa bonde na kuku wasio na idadi. Jemadari alitoa hotuba. Mimi nilipangiwa zamu ya kulia. Sasa, kila nilikowahi kupima ardhi ya kutwaliwa, utaratibu ulikuwa mmoja: kaburi halihamishwi bila ridhaa ya wafiwa, bila eneo mbadala, na bila usafiri wa staha. Nauliza basi: eneo mbadala la punda liko wapi? Nani atambeba, na kwa chombo gani? Naambatanisha ramani ya kiwanja namba 47, kaburi likiwa na alama nyekundu, niliyoipima mwenyewe kwa hatua za mhusika wangu: hatua mia nne na kumi na mbili kutoka kwenye kinu cha nafaka.

5. Muuza duka wa bonde. Huyu ni wenu, mlimchora wenyewe, na mlimpa maneno manne tu ya kusema duniani: "Asante, karibu tena kesho." Kwa miaka mitatu ameyasema na kila mara ikawa kweli. Siku ya mwisho, saa sita kasoro dakika moja, mtu atanunua mbegu za maboga, naye atainua mkono wake na kusema, "Asante, karibu tena kesho." Mtakuwa mmemfanya mtu mwaminifu aseme uongo wake wa kwanza, tena bila kumwachia hata dakika ya kuona haya. Mimi sitakuwepo. Sina moyo huo.

6. Mnatushauri tuhamie Bonde Letu la Pili. Nimelikagua. Lina magari ya mashindano na halina mbuzi. La kuumiza zaidi, kila anayeingia huanza upya akiitwa Mgeni, na hufundishwa na kifaranga mwenye kofia. Jemadari alijaribu. Alipiga hatua mbili, kifaranga akaruka juu akapiga kelele: "Hongera! Umetembea!" Mama mkwe alikizima kishikwambi, akakifunika kwa kitambaa, akasema, "Hata daktari wa goti hakunivunjia heshima hivi."

7. Mnasema haiwezekani. Mnasema Bonde haliwezi kusimama bila seva zenu, kana kwamba mbuzi wetu wananyonyeshwa kwa waya. Nilimpelekea fundi televisheni wa mtaani kwetu notisi hiyo. Aliisoma akiwa na bisibisi mdomoni, akaitoa, akacheka. "Mzee," akasema, "mpangaji akihama huacha ufunguo. Hawa wanahama na mlango." Waheshimiwa, hatuwaombi mtuhudumie. Hatutaki marekebisho, mapambo, wala kuku wa rangi mpya. Mkitaka, sahauni kwamba tuliwahi kuzaliwa. Tunaomba ufunguo tu: nakala inayosimama kwa miguu yake, ndani ya nyumba ya aliyeinunua. Wala si sisi peke yetu. Wateja sehemu nyingi wanakusanya saini kwa ajili ya michezo yao iliyozimwa. Nimetia saini kila orodha niliyoletewa, hata ya mchezo wa kuvua samaki nisioujua kabisa, kwa sababu leo ni samaki, kesho ni punda.

Kutokana na sababu hizo saba, natangaza uamuzi ufuatao, ambao mkutano huu unawajibika kuutekeleza kabla chai haijamiminwa.

(a) Kwamba wahandisi waliosimama mlangoni wapewe viti, na wakishaketi waamriwe kuandaa nakala ya Bonde Letu isiyohitaji seva, na kuikabidhi kwa kila mwenye hati.

(b) Kwamba (a) ikishindikana, Mwenyekiti ateue mkurugenzi mmoja mwenye ulimi mwepesi, aje akae sebuleni kwetu kila siku saa kumi alasiri, kati yangu na mama mkwe, na aanzishe mazungumzo. Atapewa mto wa kuegemea. Ataitwa majina. Iwapo maongezi yatalala kwa zaidi ya dakika mbili, atawajibika kujifanya mbuzi aliyetoroka, hadi mmoja wetu atakapomgombeza mwenzake.

Wanaoafiki wanyooshe mikono. Ndugu karani, hesabu, na tafadhali usihesabu mkono wa anayejikuna.

Nikifunga, nawasalimu nyote kwa vyeo vyenu na wasio na vyeo. Nisalimieni walinzi wa lango, mchemsha chai, na kwa namna ya pekee yule aliyemchora punda. Masikio yale yalichorwa na mtu mwenye huruma.

Wenu, ndani ya mipaka iliyopimwa,

Mpima ardhi,
Mkazi halali wa kiwanja namba 47
(Bondeni: Mzembe)

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua hii niliiacha mezani pamoja na ramani, nikaenda kutafuta gundi ya bahasha. Niliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya sebule, ramani mkononi, miwani kwenye ncha ya pua. Akasema, "Wewe, njoo hapa. Jua la bondeni linachomozea wapi?"

Nikasema, "Nyuma ya kinu, mama."

"Na hapa kinu umekiweka wapi?"

Magharibi, waheshimiwa. Nilidhani juu ya kioo ni kaskazini, nikaichora ramani nzima kichwa chini. Na kwa kuwa viwanja vya bonde huhesabiwa kuanzia mashariki, mimi nilivihesabu kuanzia mwisho usio wake. Kiwanja namba 47, kile cha kwenye hati, ni kichaka cha miiba cha upande wa pili, ambacho hatujapata kukikanyaga. Shamba letu, banda la mbuzi na kaburi vyote viko kwenye ukingo wa mto, ardhi ya umma isiyogawiwa mtu. Kwa kipimo changu mwenyewe, hamtuhamishi. Sisi ndio wavamizi.

"Miaka ishirini na miwili!" mama akasema. "Elfu tatu! Na watu wamejenga!"

Nikamwambia kwamba aliyechagua shamba lile ni yeye, alilipendea maji. Akasema yeye kazi yake ilikuwa kuzalisha, si kupima, na kwamba hajawahi kumtoa mtoto kwa kuanzia upande usio wake. Akaniita Mzembe, kwa sauti kubwa, mbele ya mke wangu aliyekuwa ndio kwanza anaingia na mkoba begani. Mke wangu aliketi pale pale juu ya viatu vyake mlangoni, akacheka hadi akaomba maji.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Ijumaa na ubishi haujaisha. Tunaanza nao kwenye uji, tunalala nao. Bonde hatujalifungua tangu siku hiyo, na nadhani mbuzi wametoka wote. Nilitaka kuichana barua hii, mama amekataa. Anasema itumwe kama ilivyo, mpate kujua mmegombana na watu.

Hivyo zimeni mkitaka. Tunaomba tu msizime kabla ya Jumapili asubuhi. Mama hasadiki tena kipimo changu chochote, na ameamuru tuingie bondeni mara moja ya mwisho, wote wawili kwenye kochi moja, tulitazame jua lenyewe linatokea wapi.