Saa Dazeni Moja Ziko Njiani

Jumatatu, 3 Machi

Mimi si mtu wa kijicho. Naliandika hili mwanzo kabisa ili lisisahaulike.

Lakini saa ya mwanyumba wangu! Huyu ni mume wa mdogo wake mke wangu. Sote wawili tumeajiriwa katika kiwanda cha ushonaji cha mama mkwe wetu. Mimi ni mkataji. Yeye anapiga pasi. Bila mkataji hakuna shati, bila pasi shati lina mikunjo tu. Hata hivyo mafundi wanamwita Dakika, kwa heshima, kwa sababu ya ile saa yake ya rangi ya fedha. Mimi wananiita "wewe".

Leo mama mkwe ametutangazia kwamba macho yake yamechoka. Ijumaa ya wiki ijayo atamkabidhi mmoja wetu meza ya kukatia, funguo na kiwanda chote. Akasema anamtaka mtu anayejua thamani ya wakati. Hapo hapo Dakika akapandisha mkono wa shati, polepole, akaitazama saa yake, akasema muda wa chakula umekaribia. Mama mkwe akatabasamu.

Roho imeniuma sana.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana! Kuna muuzaji wa saa kwenye simu. Anatuma picha nzuri sana. Nilitaka moja tu, akasema anauza kwa dazeni na malipo yanatangulia. Nikasita. Kisha nikaona mwanga. Nikileta saa zote kumi na mbili, kila fundi apate yake, hata mfagizi apate yake, ya Dakika itabaki na nini cha kuringia? Itakuwa kitu cha kawaida, kama kifungo. Mama mkwe nitampa ile ya dhahabu. Mimi nitavaa iliyo kubwa kuliko zote.

Nimetoa akiba yangu yote ya kununulia cherehani. Mke wangu sijamwambia. Nitamwambia furaha ikishakamilika.

Muuzaji ameniita bosi. Mwaka huu hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Saa zinafika keshokutwa.

Alhamisi, 6 Machi

Hazijafika. Muuzaji anasema ziko njiani. Sawa. Kitu kilicho njiani si kitu kilichopotea.

Wakati huohuo nimejitayarisha. Saa iliyofichwa na shati ina faida gani? Nimefupisha mkono wa kushoto wa mashati yangu yote, vidole vinne juu ya kifundo cha mkono. Nimekata pia karatasi ya kupimia mkono huo, ili mashati yajayo yasinisumbue, nikaitundika ukutani pamoja na karatasi nyingine za kiwanda. Mtu mwenye mipango hujulikana.

Mke wangu, ambaye kiwandani anashona vifungo na kutoboa matundu yake, ameniuliza shati langu limepatwa na nini. Nikamwambia limenywea baada ya kufuliwa. Akauliza mbona limenywea mkono mmoja. Huyu mwanamke ana maswali!

Jumamosi, 8 Machi

Muuzaji anasema mzigo umezuiwa, unahitaji pesa kidogo ya kuugomboa. Nimetuma. Huwezi kula ng'ombe mzima ukashindwa na mkia.

Leo mama mkwe alimsifu Dakika mbele ya watu, eti kola zake zimesimama vizuri. Nikashindwa kuvumilia. Nikamnong'oneza mama kwamba kuna zawadi yake inakuja. Akauliza zawadi gani. Nikasema ni kitu cha mkononi. Sasa kila nikiingia ananitazama mikono.

Jioni Dakika akanifuata, akaniuliza kwa upole kama mkono wangu hausikii baridi. Akasema nikitaka anaweza kunisaidia kuliachia pindo lile. Mpiga pasi! Anifundishe mimi pindo! Nikamjibu kwamba hii ni fasheni mpya. Akatazama saa yake, akasema hajaisikia bado. Kwani fasheni inatangazwa kwa saa?

Jumatatu, 10 Machi

Tumepata oda ya mashati ya shule, mikono mirefu, yatakiwa Ijumaa asubuhi. Siku ileile ya makabidhiano! Mama mkwe alipokwenda shuleni kuzungumza na mwalimu mkuu alimchukua nani? Dakika. Eti hachelewi. Nimewaona dirishani, yeye amemshikia mama mwavuli na mkono wenye saa ndio uko juu.

Nikabaki kukata. Hapa kwetu mkono wa kulia una karatasi yake na wa kushoto una yake, ndivyo mama mkwe alivyotufundisha. Nikatungua karatasi, nikaweka, nikachora chaki, nikakata, na macho yangu bado yako dirishani. Makasi yalikwenda vizuri ajabu. Hasira inampa mtu wepesi. Walipokata kona wakirudi, mimi nilikuwa nimekwisha maliza mzigo wote. Nikajisifu, kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu.

Muuzaji hapokei simu. Wafanyabiashara wakubwa wana kazi nyingi.

Jumatano, 12 Machi

Msiba!

Fundi wa kwanza alipomaliza kuunganisha shati lake, mkono wa kushoto uliishia njiani. Akadhani amekosea yeye. La pili, vilevile. La tatu, vilevile. Mama mkwe akaagiza mashati yote yaletwe mezani. Akalichukua moja, akanishika mkono wangu wa kushoto, akaulaza pembeni yake. Vikalingana. Vidole vinne juu, sawasawa kabisa! Nilikuwa nimeikatia shule nzima kwa karatasi yangu.

Mafundi wakaacha cherehani zao, wakanisogelea. Nikalazimika kueleza. Saa, dazeni, zawadi ya dhahabu, malipo yaliyotangulia. Mama mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama saa hizo nimewahi kuzishika. Nikasema nimeziona kwenye picha.

"Mwanangu," akasema, "wewe hapa hukubali kununua hata kitambaa kabla ya kukipapasa. Imekuwaje ukanunua mbuzi kwenye gunia?"

Mke wangu alikuwa ameinamia kopo lake la vifungo. Nilijua anaifikiria ile cherehani. Dakika naye aliangalia chini. Alikuwa ananionea huruma! Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Kitambaa kingine hakuna. Tulikuwa tumesimama kama watu waliofika kituoni gari limeondoka. Ndipo mke wangu akanyanyua shati moja, akaligeuza ndani nje, akasema vipande vilivyobaki vinatosha. Tuunge mkono wa kushoto, halafu mikono yote miwili tuiwekee pindo pana la kukunja kwa nje. Kiungo kitafichika chini yake, na hakuna atakayejua. Akawagawia mafundi kazi kwa sauti ambayo nyumbani huwa naisikia mimi peke yangu. Mimi nikapewa kazi ya kukata nyuzi zilizoning'inia.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu mkuu ameyapokea mashati. Ameuliza kama mwakani anaweza kupata mapindo kama yale.

Mchana mama mkwe akatukusanya. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia jina la Dakika. Nilikuwa nimefunga macho. Akamkabidhi mke wangu! Meza, funguo, kiwanda chote! Dakika hakupata kitu! Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Watu wakaniona mume mwema.

Kisha mama mkwe akaniita pembeni ya meza ya kukatia.

"Nilikuwa nimekuchagua wewe," akaniambia. "Tangu mwaka jana. Hujawahi kunicheleweshea kazi hata mara moja. Sikuangalia mkononi umevaa nini. Nilikuwa naangalia unavyokata."

Nikasema asante mama. Nikaitazama ile meza. Mikwaruzo yake naijua yote, mingi ni ya makasi yangu. Nikaenda nyuma ya kiwanda nikalia. Nimeliandika kwa sababu shajara haina mdomo.

Jioni nimetafakari kwa utulivu, nimeona kosa lilipokuwa. Saa zilichelewa. Zingefika Alhamisi ile, mkono wangu ungekuwa na saa, moyo ungetulia, na karatasi yangu ingebaki ukutani. Kosa ni la usafiri.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu amenikalisha chini. Amesema kesho narudi kwenye meza, kwa kuwa mkataji mwingine kama mimi hana. Nikafurahi. Akasema ile cherehani tutaitafuta tena pamoja, polepole, ila nisilipie tena kitu ambacho sijakishika. Nikaapa. Kisha akasema funguo za asubuhi atakaa nazo Dakika, kwa sababu yeye ndiye hufika kwanza.

Dakika! Funguo!

Nilikuwa bado sijapata pumzi, simu ikalia. Muuzaji! Amepiga mwenyewe, bila kulazimishwa. Mwizi gani hupiga simu? Ameomba radhi sana. Anasema saa za mkononi ni vitu vidogo, zimedondoka zikapotea njiani. Lakini anayo saa moja ya ukutani, kubwa kama sinia, inayogonga kengele mtaa mzima ukasikia. Nikaiona pale pale, imetundikwa katikati ya kiwanda. Nani atahangaika tena kuutazama mkono wa Dakika?

Na hapa muuzaji amenifumbua macho. Kitu kikubwa namna ile hakiwezi kupotea njiani.

Malipo yanatangulia, bosi, akasema. Kiapo changu kilihusu vitu vidogo, nadhani. Akiba sina, kwa hiyo nimekopa kwa Dakika. Amenihesabia palepale, hata hakuuliza ni za nini. Ataziona ukutani.