Haisi Yangu ya Siri Yasimamishwa Njia Panda ya Tindiga

Wadau, leo uso wangu nimeuacha Ulaya.

(Sio ile ya baridi. Ulaya yetu hii, ukitoka Kilosa kuja Mikumi. Ile ya baridi ingekuwa afadhali, kule hawanijui.)

Ngoja nianze mwanzo, maana mwisho bado unauma.

Mimi nauza vyandarua na mashuka ya mtumba kwenye magulio. Nyumbani ni Mikumi, lakini leo niko Kilosa, kesho Tindiga, keshokutwa Mvumi. Shida yangu ni kulala. Gesti za magulioni mnazijua. Unalipa wewe, wanalala kunguni.

Sasa siku moja nikaona wazungu wamepaki barabara kuu, wanaelekea mbugani. Gari lao lina kitanda! Lina jiko! Bibi wa kizungu anakaanga mayai humo humo ndani, mume wake kalala miguu juu ya dirisha. Nikasimama. Nikachungulia. Nikazunguka upande wa pili nikachungulia tena. Mpaka yule bibi akanipa yai nimwachie nafasi. Tangu siku hiyo sina raha. Na mimi nataka gari la kulala!

Ila la siri. Kwa nje liwe haisi kama haisi nyingine, mtu akipita aseme hilo limeharibika linangoja spea. Kwa ndani, kitanda.

Kwa nini siri? Mama mkwe.

Mama mkwe wangu analima mpunga Tindiga. Nilipopeleka posa, ukoo mzima ulinikataa. Mchuuzi hana makao, walisema, leo hapa kesho pale kama mbuzi wa mnada. Mama peke yake ndiye aliyenitetea: "Huyu ana adabu, mpeni mtoto." Basi leo asubuhi mke wangu Zaina kaniambia hivi: "Gari kanunue, nimekubali. Lakini mama akijua mume wangu analala barabarani kama utingo, atakuja kunichukua. Na safari hii hakuna wa kukutetea."

Halafu akanipa kanga yake. "Usilalie godoro la watu mwili mtupu. Tandika hii."

Wadau, ishikeni hiyo kanga.

Nikafika Kilosa kwa Fundi Kibwana. Fundi huyu alikuwa na haisi mbili za kuuza, watu wamemwachia. Moja mpya mpya, inang'aa, mlango unajifunga wenyewe. Nyingine nyeupe, kuukuu, ina kovu ubavuni. Tangu yaruhusiwe haya magari ya mitumba ya Japani kila mtu anataka inayong'aa. Na mimi mkono ukaenda kwenye inayong'aa.

"Hiyo ina kompyuta," fundi akasema.

"Iko wapi niione?" (Shule niliiacha kidato cha pili. Au yenyewe iliniacha, tunabishana mpaka leo.)

"Huioni. Ikikohoa pale Zombo, utamuita Mjapani aje."

"Na hii kuukuu?"

"Hii unanyanyua siti, injini hii hapa. Mkanda wa feni ukikatika unasokota kitambaa unafunga, unafika kwako unakula ugali. Spea zake hata muuza nyanya wa Mikumi anazo."

Nikataka kuona. Akanyanyua siti ya mbele. Kweli, injini hii hapa! Nikauliza hiki nini, kile nini. Nikaingia chini, nikagonga kila chuma. Nikauliza shokomzoba zinadumu muda gani, na mtu akijigeuza usiku gari linatikisika kwa nje au halitikisiki. Fundi akaniangalia.

"Kaka, unanunua gari au unaoa?"

Basi nikachagua hiyo kuukuu, nilijaribu kwanza ndipo nilipe. Tukatoa siti za nyuma, tukabakiza benchi moja nyuma ya dereva. Tukaweka mlango mbovu juu ya madumu, juu yake godoro. Boksi la spana likaenda chini ya kitanda. Mapazia tayari yalikuwepo. Safi! Nikamwambia fundi aendeshe mpaka Mikumi, mimi nilale nyuma nipime usingizi.

Sasa kupima usingizi lazima ulale kama unavyolala. Joto nalo mnalijua. Nikavua shati. Nikavua suruali. Nikabaki na bukta, ile ya njano yenye tundu (kila mwanaume anayo, msinitazame hivyo). Nikajifunga kanga ya Zaina, nikajifunika shuka juu. Barabara ikanibembeleza. Nikasema moyoni, wazungu wana akili.

Njia panda ya Tindiga, gari likasimama.

Sikuwaza kitu. Kumbe kina mama wawili wamenyoosha mkono. Na nani atapita na haisi tupu mbele ya mama mwenye kiroba kichwani, jua kali vile? Fundi alikuwa dereva wa abiria miaka mingi. Mguu wake ukiona kiroba, unakanyaga breki bila kumuuliza.

Mlango ukavutwa.

"Mwanangu, tunaenda Mikumi. Namfuata binti yangu, nampelekea mchele na kuku."

Ile sauti. Wadau, ile sauti! Mama mkwe!

Kwetu mkwe na mkwe hawakai kitanda kimoja. Hata godoro liwe dukani bado lina nailoni, hawakai. Na mimi niko juu ya kitanda, nina bukta ya njano. Nikavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Miguu ikatoka. Nikairudisha. Kichwa kikatoka. (Nauza mashuka, nikachukua la mtoto!) Nikachagua kuficha kichwa.

"Kiroba weka nyuma hapo, mama," fundi akasema.

Kiroba kikatua kwenye magoti yangu. Nikaguna.

"Yesu na Maria! Kuna mtu!" Huyo ni Mama Joni, shoga yake mama mkwe, mdomo wake unasikika mpaka Mvumi.

Fundi akakumbuka kwamba nilimwambia ni siri. Akaniokoa, akaniua. "Mgonjwa huyo. Tumbo."

"Masikini," mama mkwe akasema. "Pole, baba."

Nikazidi kuvuta shuka.

"Mbona hata haamkii?" Mama Joni akadakia. "Tumbo limekula na adabu?"

Hapo nikabanwa. Kutoamkia mkubwa siwezi, hata kama nakufa. Nikabana pua, nikatoa sauti nyembamba: "Shikamooni."

"Marahaba," wakajibu wote wawili. Halafu mama mkwe: "Sauti yake kama ya mkwe wangu akiwa na mafua."

"Labda ndiye."

"Mkwe wangu? Alale kwenye gari la watu mchana kweupe, miguu nje? Thubutu! Yule ni mtu wa heshima. Akisafiri analala gesti yenye choo ndani. Kanga za mwanangu anazipiga pasi mwenyewe."

(Pasi yenyewe sina.)

"Wa kwangu mimi," Mama Joni akasema, "juzi kalala kwenye trekta."

"Shauri yako. Ulimpa mtoto bila kuuliza. Mimi nilimtetea wangu mbele ya ukoo mzima, na sijajuta hata siku moja."

Jamani! Angenitukana ningevumilia. Ananisifu! Kila sifa inaongeza jasho. Yule kuku naye akaona kidole changu cha mguu, akadhani punje. Akadonoa. Nikavumilia. Akadonoa tena palepale. Nikavumilia kwa ajili ya ndoa.

Tukafika Ulaya. Pah! Harufu ya mpira ulioungua.

Fundi akashuka, akanyanyua siti. Nikamsikia anafurahi kabisa: "Mkanda wa feni! Si nilimwambia? Hii dakika mbili tu." Akaja kufungua mlango wa nyuma kuchukua boksi la spana. Akina mama nao wakashuka, wakamfuata kuangalia. Nikabaki nimelala kama mzigo uliokosa mwenyewe.

"Nataka kitambaa kigumu cha kusokota," fundi akasema. "Shuka hili limechakaa, litakatika. Wewe mgonjwa, hebu toa hiyo kanga."

Nikatikisa kichwa ndani ya shuka.

"Kaka, toa kanga tuondoke!"

"Mwacheni mgonjwa na stara yake," mama mkwe akasema. Mungu ambariki. Halafu akainama karibu. "Hebu kwanza. Huu upindo wa uzi wa kijani..." Akaushika. Akauvuta. "Huu nimeushona mimi! Hii kanga nilimpa Zaina!"

Hata kuku aliacha kudonoa.

"We mgonjwa. Kanga ya mwanangu umeipata wapi?"

"Ohoo!" Mama Joni akapiga kofi. "Mume mwenza wa mkwe wako huyo! Shoga yangu, binti yako ana bwana mwingine!"

Wadau, mngefanyaje? Nikinyamaza, mke wangu anaitwa malaya katikati ya Ulaya, watu wameshaanza kusogea. Nikisema, nimekwisha. Nikamfikiria Zaina. Nikafunua shuka.

"Shikamoo tena, mama."

Mama mkwe akapiga ukelele, akajifunika uso kwa mtandio, akanipa mgongo. Nikaruka chini kwa heshima, nikasahau upindo bado umo mkononi mwake. Kanga ikabaki kwake. Mimi nikabaki na bukta ya njano.

Na tundu liko nyuma.

Fundi akaichukua kanga kwa utaratibu, akaichana, akaanza kusokota. "Nilikwambia hii gari inafungwa hata na kitambaa," akasema.

Nikajificha nyuma ya tairi nikavaa suruali. Mama mkwe hakusema na mimi. Alikuwa anasema na Mama Joni huku kaangalia porini.

"Mwambie huyo mtu, kumbe analala kwenye magari."

"Anasema unalala kwenye magari."

"Nimesikia. Mwambie mama, gesti zina kunguni. Nilitaka kununua hili nijitengenezee, nikaona haya."

Injini ikaunguruma, kanga inazunguka mle ndani, maua mekundu yanapita. Mama mkwe akageuka kidogo, jicho moja likatoka kwenye mtandio. Akaliangalia pazia. Akaliangalia godoro. Akalibonyeza kwa kidole. Akabonyeza tena.

"Muulize, mtu akilala mgongo hauumi?"

"Hauumi, mama."

"Muulize, na mchele unakaa chini ya kitanda?"

"Viroba vinne, mama."

"Mwambie faini ya kulala mbele ya mkwe iko palepale. Mbuzi. Na kanga mpya mbili, moja ya mwanangu, moja yangu kwa mshtuko." Akapumua. "Na mwambie hilo gari alinunue. Mapazia abadilishe, haya ni ya msiba. Nami nina magulio yangu ya mchele. Nimechoka kulala sakafuni kwa watu."

Akapanda. Akalala. Mama Joni naye akapanda akalala. Mimi nikakaa mbele na kuku mapajani, tukatazamana naye mpaka Mikumi.

Zaina amecheka mpaka amekaa chini, na mama tayari amepanga ratiba ya gari. Kwa hiyo mkiona haisi nyeupe gulioni imefunga mapazia, msigonge ovyo, amkieni kwanza. Mimi mtanikuta gesti.