Pieds Mia Ine za Beni

Mwaka 1999, waasi wakishika mji na bidhaa zikiingia kwa kupitia mpaka wa Kasindi, Melchior wa Butembo alikuwa na tai moja ya shingoni, ulimi laini, na manjanja sitini yasiyotakiwa na mtu. Yalikuwa mabati ya namba 32, membamba kama karatasi. Wajenzi walitaka 28, kwa sababu kwenye mabati namba ikipanda, unene unashuka.

Asubuhi moja, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamsikia mama mmoja akimuuliza mwenye duka, "Muko na manjanja ya trente-deux?"

"Hapana, mama," mwenye duka akajibu. "Nani atanunua ile?"

Melchior akakaza tai. Anayeomba 32, aliwaza, hakika anadhani inashinda 28. Mtu wa namna hiyo hatumwi na Mungu kila siku.

"Mama, unateseka na mimi niko hapa? Niko nayo sitini. Ya nguvu!"

"Inapita vingt-huit?"

"Mais mama! Makumi tatu na mbili, na makumi mbili na munane, gani njo mukubwa?"

Mama huyo, Jokébed, mjane wa mtaa wa Mususa, akainamisha kichwa kama mwanafunzi. "Mi sikusoma sana, papa. Tena feza sina. Niko tu na parcelle, kipande cha udongo kule Beni. Pieds mia ine."

Melchior akawaza haraka. Pieds! Watu wa huku huhesabu hivyo miche ya kahawa. Mia nne! Hakuuliza pieds za nini, akihofia swali lingemkumbusha mama bei ya kahawa. Wakaandikiana karatasi, manjanja sitini kwa parcelle, mbele ya mashahidi wawili, na mchana huohuo akayasukuma manjanja yote hadi Mususa kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, akiimba.

Kesho yake akapanda lori kwenda Beni na magunia mawili matupu. Vizuizi vinne vya askari vilimla mfuko. Alipofika, jirani wa parcelle hiyo, mzee Zorobabel, akampeleka nyuma ya nyumba yake.

"Parcelle njo hii."

"Kahawa iko wapi?"

"Kahawa gani? Pied njo hii." Mzee akapiga kiatu chake chini, futi moja. "Alipima muzungu wa zamani. Pieds makumi mbili huku, makumi mbili kule."

Melchior akatembea. Hatua ya saba ikagonga ua. Akageuka upande wa pili. Hatua ya saba ikamkanyaga mbuzi.

Alirudi Mususa akitoa moshi. Uani kwa Jokébed, wanaume watano walikuwa wakikata manjanja na kuyakunja kuwa mbabula, majiko ya makaa.

"Mama, ulinidanganya!"

"Mimi? Nilisema mia ine. Ulihesabu, moja ilikosa?"

"Na manjanja? Si ulitaka ya nguvu?"

"Vingt-huit inavunja mikasi yangu, papa. Trente-deux inakatika kama nguo. Niliitafuta miezi mitatu." Akamvutia kiti. "Kama parcelle haikupendezi, nitaichukua tena. Inatosha kibanda cha kuuzia mbabula Beni. Nitakupa mbili."

"Parcelle nzima kwa mbabula mbili?"

"Basi kaa nayo. Panda kahawa."

Melchior akatia sahihi karatasi ya kuirudisha. Kisha akashuka mlima wa Mususa, tai shingoni, jiko kila mkono, na kabla hajafika sokoni alikuwa amekwisha kuyauza yote matatu.

La tatu halikuwa lake; lilikuwa bado kwa Jokébed. Mnunuzi, aliyekwisha kulipa, alielekezwa akalichukue huko.