Palipo na L, Weka R

"Umma wote unatangaziwa kwamba kuanzia Alhamisi saa sita mchana hadi Jumapili usiku wa manane, hakuna mtu atakayepotea. Atakayepotea atakuwa amekiuka agizo."

Tangazo hilo lilibandikwa Jinja nzima, kuanzia Walukuba hadi kwenye lango la Tamasha la Maporomoko. Chini yake palikuwa na mhuri, saini, na picha ya Bwana Kirunda akitabasamu kwa kiasi kilichoidhinishwa.

Bwana Kirunda alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Mwelekeo wa Umma. Neno "kaimu" ni dogo, lakini lilikuwa limemganda miaka sita kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Alikuwa ameandika barua, amefunga, ameomba, ameandika tena. Sasa mambo yalikuwa yameiva. Kamishna Lillian angefika kutoka Kampala Jumamosi usiku, na mkobani mwake mungekuwa na barua ya kumthibitisha kazini. Umati ukienda vizuri, hasa katika Eneo la Usiku wa Manane, ambako mwaka uliopita watu walizunguka gizani hadi wakaanza kujisalimia wenyewe, barua ingetoka mkobani. Usipoenda vizuri, barua ingerudi Kampala. Mke wake alikwisha kununua fremu.

Kazi ya Kurugenzi ilikuwa ngumu kuliko watu walivyodhani. Watu elfu thelathini, majukwaa matano, mto upande huu na baa upande ule. Kirunda hakukurupuka. Alifanya kwanza utafiti kwenye tamasha dogo la Mbale, akagundua tatizo la kitaifa.

"Mtu wetu akielekezwa kwa Kiingereza, anajibu," aliieleza kamati. "Akielekezwa kwa Kisoga au Kigisu, anauliza kwa nini. Lakini akiambiwa kwa Kiswahili, haulizi kwa nini. Anauliza wapi."

Wajumbe vijana waliandika. Wajumbe wazee, waliokumbuka enzi za wanajeshi, walitikisa vichwa kukubali, na wawili kati yao waliinua mikono juu bila kuombwa.

Basi ikapitishwa kwamba vibao vyote mia mbili viandikwe kwa Kiswahili. Kazi akapewa Shafik, mchora vibao wa Namatala, kule Mbale, mtu mpole mwenye mkono mzuri. Kibao chake cha kwanza kilisomeka HATALI, MTO.

"Shafik," alisema Kirunda, "hatali ni nini?"

"Ni ile ya kufa, Bwana Mkurugenzi. Ulimi uliteleza."

"Unachora kwa ulimi?"

"Hapana, bwana. Lakini mkono unausikiliza."

Kirunda alizunguka meza mara moja, kama afanyavyo mtu anayetaka kutoa mwongozo. "Sikiliza. Kiswahili ni lugha ya jeshi. Kinanguruma. Umewahi kumsikia simba akisema la-la-la? L ni herufi ya kubembelezea watoto. Kuanzia leo, palipo na L, weka R."

"Pote?"

"Pote."

"Hata kwenye maneno ambayo..."

"Shafik. Hili ni agizo au ni mazungumzo?"

"Ni agizo, bwana."

Siku hiyo hiyo ukatoka Waraka Namba 14, Uimarishaji wa Herufi. Kesho yake ukafuata Waraka Namba 15, uliosema kwamba kibao chenye mhuri wa Kurugenzi hakiwezi kuwa na kosa. Shafik, aliyemwogopa Mungu na nyaraka kwa mpangilio huo huo, alichora vibao mia mbili bila kuongeza neno.

Jumamosi alasiri, Kirunda akakagua Eneo la Usiku wa Manane. Eneo lilipangwa kitaalamu: mtu akichoka na muziki saa sita usiku, aelekezwe kwenye vyakula, ashibe, arudi. Katikati, juu ya mlingoti, kilining'inia kibao kikubwa kuliko vyote: KURA HAPA. Pembeni palikuwa na picha ya Kirunda na mhuri wa rangi ya zambarau. Chini yake mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani alikuwa anapanga jiko na ndoo ya unga. Jina lake Twaibah, muuza chapati wa Namakwekwe, aliyefunga safari kutoka Mbale kwa ajili ya usiku huo.

"Bwana," Twaibah aliuliza, "hiki kibao ni cha nani?"

"Cha Kurugenzi, mama."

"Kinasema kura hapa."

"Ndiyo. Watu watakura. Wakishakura, watarudi kwenye muziki."

Twaibah alimtazama usoni, kisha akatazama picha, kuhakikisha kwamba ni mtu yule yule. "Baba, mimi Kiswahili nimekipata madrasa na sokoni, kote kuwili. Kura ni ile ya sanduku. Ya mdomo ni kula."

"Mama, hicho ni Kiswahili cha chapati. Hiki ni cha ofisi."

"Haya. Ila tumbo halina ofisi."

Kirunda aliandika kwenye daftari: Wafanyabiashara wamepokea vibao kwa furaha.

Saa mbili usiku redio ya mkononi ilikoroma. Alikuwa Afande Yekosofati, polisi kutoka Teso, aliyepewa daraja jembamba lililo kati ya jukwaa la pili na la tatu. Hapo Shafik alikuwa ameweka kibao cha kuwataka watu wapite taratibu. Kilisomeka POREPORE.

"Bwana, hapa kwa daraja watu mia tatu wamesimama. Hawataki kupita."

"Wanataka nini?"

"Wanangoja Porepore."

"Porepore ni nani?"

"Wanasema ni mwanamuziki ya Kongo. Kuna Mkenya moja hapa, anasema alimuona Kisumu. Anasema akianza kupiga gitaa utalia."

"Wamesimama kwa utulivu?"

"Sana, bwana. Wengine wamewasha simu juu, taa-taa."

Kirunda aliandika: Umati umetii kibao kwa asilimia mia moja. Kisha akamwamuru Yekosofati aache daraja kwa Porepore na aende akalinde Eneo la Usiku wa Manane, ambako Kamishna angefikia.

Hapo ndipo utumishi uliotukuka ulipokutana na kibao. Afande Yekosofati alikuwa amelinda chaguzi tatu, na alizijua kanuni zake kama anavyojua viatu vyake. Alifika saa tano, akasoma KURA HAPA, akasoma mhuri, akavuta pumzi, akaanza kazi. Alifunga kamba. Akachora mstari kwa chokaa. Kisha akaliendea jiko la Twaibah.

"Mama, ondoa hii. Chakula karibu na kura ni hongo. Mita mia moja kutoka hapa."

"Afande! Hapa ndipo watu wanapokula!"

"Umesoma kibao?"

"Nimesoma. Kimekosewa."

"Iko na mhuri?"

Twaibah akainua macho. "Kinao."

"Basi haijakosewa. Na hiyo ndoo ya unga inabaki. Ni ushahidi."

Twaibah akabeba jiko lake akaenda nje ya kamba, akihesabu hatua mia moja kwa sauti ili kila mtu asikie anavyodhulumiwa. Unga aliokwisha kuukanda ulikuwa kwenye beseni, basi akaendelea kukaanga.

Watu wakaanza kufika, wenye njaa, masikio bado yanavuma kwa ngoma. Walikuja kutafuta chapati na roleksi, ile chapati inayoviringishwa na yai, wakakuta kamba, mstari na polisi. Wakapanga foleni. Mtu wa Jinja akiona foleni haulizi. Anaingia kwanza, asije akakosa, maswali baadaye. Ilipopita nusu saa, foleni ilikuwa imepita jukwaa la tano.

"Afande, tunamchagua nani?" aliuliza kijana mmoja mwenye kofia ya manyoya.

Yekosofati hakuwa na maelekezo kuhusu hilo. Akatazama huku na huku. Sura moja tu ilikuwepo, kwenye kila kibao, ikitabasamu.

"Huyo," alisema.

"Peke yake?"

"Unaona mwingine?"

"Basi ni uchaguzi kweli," alisema kijana, akachukua nafasi yake.

Karatasi zilikuwepo. Kila mtu alikuwa amepewa langoni Fomu ya Nia ya Kutembea, na hadi saa hiyo hakuna aliyejua ni ya kazi gani. Sanduku lilikuwepo pia. Yekosofati alimwaga unga akageuza ushahidi kuwa sanduku.

Saa sita na robo Kirunda aliwasili akiwa na Kamishna Lillian, mama mnene mwenye miwani na mkoba mweusi. Walipotokeza kwenye kona, Kamishna alisimama ghafla. Watu elfu mbili walikuwa kwenye mstari mmoja, usiku wa manane, katikati ya tamasha, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Hata walevi walikuwa wima. Mmoja alikuwa ameegemezwa kwa mwenzake ili asiharibu mstari.

"Kirunda," alisema Kamishna, sauti imepungua, "nimekwenda semina za umati nchi saba. Sijaona kitu hiki."

"Ni mwelekeo tu, Mheshimiwa."

Mkono wa Kamishna ukaingia mkobani. Pembe ya bahasha ikachungulia. Kirunda aliiona, nyeupe, yenye jina lake, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akahisi kwamba neno "kaimu" linalegea.

"Lakini wanapangia foleni ya nini?" aliuliza Kamishna.

Kirunda akainua macho. Taa kubwa ilikuwa inamulika kibao, na foleni ilikuwa inaishia kwenye ndoo. Akasoma. Akasoma tena, safari hii kwa Kiswahili cha chapati. Kukiri kosa ilikuwa kuvunja Waraka Namba 15, ulioandikwa na yeye, mbele ya mkoba uliokuwa wazi.

"Ni kura, Mheshimiwa," alisema. "Ya imani. Umma unapima kama una imani na mwelekeo wake."

"Kwako wewe?"

"Picha ndiyo hiyo."

"Na wamekuja wenyewe?"

"Hakuna aliyelazimishwa."

"Ajabu," alisema Kamishna, akairudisha bahasha. "Basi nitangoja matokeo."

Walihesabu ndani ya hema, Kirunda na Yekosofati, Kamishna akinywa chai nje. Afande alisoma karatasi moja moja kwa sauti ya gwaride.

"'Chapati mbili, yai moja.'"

"Imeharibika."

"'Porepore.'"

"Imeharibika."

"Porepore tena. Porepore. Hii imeandikwa 'Porepore asipotokea turudishiwe viingilio.'"

"Endelea, Afande."

"'Hapana.' 'Hapana.' 'Hapana, lakini picha ni nzuri.' Hii ndefu: 'Mke wangu Rehemah amevaa gauni la njano. Akionekana aambiwe niko kwa spika kubwa tangu saa tatu, wala sijakasirika.'"

Kirunda aliichukua karatasi hiyo. Hakuweza kuiweka na zilizoharibika. Akaishika kidogo, akaiweka kando peke yake, akasema wamtafute Rehemah. Kisha wakaendelea hadi ndoo ikaisha. Waliosema ndiyo walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wameandika kwa mwandiko wa mke wa Kirunda.

"Afande," Kirunda alisema polepole, "katika chaguzi ulizolinda, anayejua matokeo ni nani? Aliyepiga au aliyehesabu?"

Yekosofati alifikiri kwa uaminifu. "Aliyehesabu, bwana. Yule mwingine anajua yake tu."

Kirunda akatoka, akashika kipaza sauti. Alitangaza kwamba, baada ya zoezi huru, la haki na lenye amani, Bwana Kirunda ameshinda kwa asilimia tisini na tisa nukta tatu.

Umati haukupiga kelele. Haukurusha chupa. Ulishusha pumzi kwa pamoja, kama watu waliokwisha kuusikia wimbo huo na wanajua unakoishia. Kisha yule kijana wa kofia ya manyoya akauliza, "Kwani imeisha?"

"Imeisha," alijibu Afande, akafungua kamba, maana kura zikiisha chakula si hongo tena.

Foleni nzima ikageuka kwa wakati mmoja kufuata harufu. "Haya, mmoja mmoja!" ilisikika sauti ya Twaibah kutoka mita mia moja. "Na wewe mwenye kofia, acha kuchungulia, chapati haikimbii!"

Kamishna Lillian alipiga makofi matatu. "Hongera, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa?" Kirunda alicheka kwa unyenyekevu. "Mimi ni mtumishi tu. Barua ile..."

"Mtumishi? Kanuni za utumishi unazijua. Mtumishi wa umma akigombea nafasi ya kuchaguliwa, anahesabiwa amejiuzulu tangu siku aliyogombea." Alikuwa tayari amenyoosha mkono kuuchukua mhuri wa Kurugenzi ulioning'inia kiunoni mwa Kirunda. "Ungeshindwa, Kirunda, ningesema ni utani wa walevi, nikakupa barua tukaenda kulala. Lakini asilimia tisini na tisa! Mimi ni nani niipinge sauti ya wananchi?"

"Nukta tatu," alisema Kirunda, kwa mazoea. Kisha, "Mheshimiwa, lakini nimechaguliwa kuwa nani?"

"Hilo ni kati yako na wapiga kura wako." Akafunga mkoba, mhuri na bahasha ndani, akaenda kupanga foleni ya chapati.

Kirunda akabaki chini ya picha yake. Hapakuwa na mtu ila mzee mmoja mwembamba aliyekuja mbio fupi fupi, magoti yamebanana, akavua kofia kwa heshima zote.

"Mheshimiwa, mimi ni mpiga kura wako. Choo kiko wapi?"

Kirunda alitazama kushoto. Akatazama kulia. Miaka sita, vibao mia mbili, nyaraka kumi na tano. Akanyoosha kidole, imara, bila kutetemeka, kama kiongozi.

Mzee akashukuru sana, akainama kidogo, kisha akakimbia kuelekea upande mwingine.