Kofia Yangu na Bao la Sikukuu ya Shukrani

Jumanne, 8 Oktoba
Miaka kumi na tisa nakaa golini. Kumi na tisa! Mtaa mzima umeshafunga bao, hata mchungaji mwenye nyonga ya chuma. Mimi Wendell, sifuri. Wanasema eti najaza goli vizuri. Maana yake tumbo. Jumatatu ni Sikukuu ya Shukrani, na mechi yetu ya mpira wa magongo barabarani, tunaochezea mpira wa tenisi. Nataka bao. Moja tu! Réjean, jirani yangu, atafunga matatu kama kawaida, atuchoshe nayo mpaka Krismasi. Mke wangu Noreen kasema mtu mzima hanuni kwa ajili ya mpira wa tenisi. Nimenuna.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepata! Sheria ya mtaa wetu: kipa asiyefungwa kipindi cha kwanza huchagua nafasi kipindi cha pili. Sheria nyingine, kongwe kuliko sote: mtu akipiga kelele "Gari!", mchezo umekufa. Nyavu pembeni, gari lipite, mpira uanze katikati. Hata kama ulikuwa unaingia.
Basi shemeji yangu Lyle atakaa konani na pikapu yake. Réjean akinijia, navua kofia, ndiyo ishara. Lyle anakuja, mimi napiga kelele. Nani atanifunga? Lyle kataka paja la bata mzinga wa sikukuu. Zima. Nimekubali.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mazoezi. Mama Cormier, mjane wa nyumba ya kona, kapita na boga lake. Nikavua kofia kumsalimia, adabu tu. Lyle huyooo! Boga limeponea chupuchupu. Mama Cormier kaniita mhuni, mimi! Nikamwambia Lyle atumie akili. Kajibu kwamba akili hazimo katika makubaliano: kofia ikitoka, naye anatoka.

Jumatatu, 14 Oktoba
Lazima niandike.
Kipindi cha kwanza, raha tupu. Réjean kaja peke yake, kofia chini, "Gari!" Kaja tena, "Gari!" Mara ya tatu kauliza kama kuna msiba huko konani, mbona shemeji yangu hatulii. Lyle akapunga mkono kama mfalme. Sikufungwa!
Mapumziko nikatangaza: nacheza mbele. Kicheko mtaa mzima. Réjean kasema basi yeye anakaa golini, hayo hataki kusimuliwa, ayaone mwenyewe.
Na kweli mpira ukanijia! Nikakimbia. Mimi! Wakabaki nyuma, sijui walishangaa au walinihurumia. Nikampiga Réjean tobo, katikati ya miguu, safi kabisa. Mpira unaelekea wavuni.
Hapo nikahisi baridi kichwani.
Kofia ilikuwa imedondoka. Na Lyle sikumwambia kazi imekwisha. Pikapu ile, nyuma ya goli, inakuja. Miaka kumi na tisa mdomo huu umezoea kazi yake ya kutangaza magari, haukuniomba ruhusa.
"Gari!"
Ni mimi niliyepiga kelele. Mimi mwenyewe! Bao likafa kabla halijavuka mstari. Tukasogeza nyavu. Lyle akapunga mkono.
Paja lote kala. Sikuweza kumeza kitu.

Jumanne, 15 Oktoba
Réjean kagonga mlango na pai ya maboga iliyobaki. Kakaa jikoni, kazungusha kofia yake mikononi. Kisha kasema alikuwa ameisikia ile pikapu ikikohoa nyuma yake kabla sijapiga mpira, akanyamaza makusudi.
"Nilitaka nikuone unafunga, jirani. Angalau mara moja, jamani! Halafu wewe mwenyewe unabweka."
Huyu mtu nimemsema vibaya miaka yote hii, na miguu yake aliipanua kwa ajili yangu! Noreen kanitazama jicho la kwamba haya, sema sasa. Nikafungua mdomo nikiri yote. Nikatia pai.
Alipoondoka nililia kidogo, ukweli usemwe. Nimejiona mdogo. Usiku huu nimefikiri sana juu ya makosa yangu, nikaona kosa ni moja.
Nimemwomba Noreen ashone mkanda wa kidevuni kwenye kofia. Lyle, kwa mechi ya mwakani, sasa anataka mapaja yote mawili.