Ukuta wa Badawi Unakuja

Jumatatu, 6 Mei 1996

Mvua tena. Ghorofa mpya ya Badawi, jirani wa mkabala, imenizibia upepo wote. Nimepata dawa yake! Nimepiga picha mbili za ukuta wake, kutoka ncha mbili za roshani yangu. Kompyuta ya ofisini italinganisha kila jiwe: lililo karibu huhama zaidi baina ya picha hizo, na ukuta mzima hujichora kwenye kioo, vitumbo na mabonde yake. Nikipata kitumbo kimoja tu, namshtaki kwa baraza la mji.

Mwanatumu, mke wangu, analalamika kuwa vitunguu vyake vinabingirika kuelekea roshani. Nimemwambia anunue vilivyo bapa.

Ijumaa, 10 Mei

Kitumbo hakuna. Lakini nilipiga tena jana, nikapima upya. Ukuta umesogea! Umetukaribia kwa upana wa kiganja. Nimerudia hesabu hadi shati likalowa. Ukianguka, utatuangukia sisi.

Mwanatumu akasema huenda ukuta hauji, huenda sisi ndio tunaokwenda. Mwanamke huyu hajawahi kugusa kompyuta.

Jumamosi, 11 Mei

Nimejihami. Nimesukuma kabati la mninga la marehemu mama hadi roshani, na mapipa mawili ya maji, ili ukuta ukija ukute kizuizi. Mlango wa roshani sasa haufungiki. Mbao imevimba kwa mvua. Nasikia mchanga ukidondoka kichochoroni. Wa Badawi huo. Naogopa kwelikweli.

Jumatatu, 13 Mei

Mwanatumu alikuwa roshani akianika kanga. Badawi, dirishani kwake, akamwita “dada yangu”, akamwomba arudi ndani taratibu, asiulize kitu. Akarudi. Mara roshani ikaenda chini, na kabati, na mapipa, na kanga. Nilimshika mke wangu mkono nikashindwa kuuachia. Kichochoroni hakukuwa na mtu, alhamdulillahi.

Badawi akasema tuhamie kwake, akabeba godoro letu mwenyewe.

Jumatano, 15 Mei

Chumba cha Badawi kina upepo tele. Sikulala. Nimepiga picha mbili za nyumba ya nyuma kutoka dirishani, kamera mkononi, mkono ukitetemeka. Majibu yametoka: nayo inakuja! Nimemwambia Mwanatumu tusogeze kabati la Badawi dirishani.

Akachukua kitunguu, akakiweka sakafuni. Kikatulia.

Vitunguu vya Badawi ni vizito. Nalisogeza mwenyewe.